Nyumbu wa Pollock kwa mkono wa Tingatinga: shajara ya nakala moja

Mimi ni mchoraji wa Tingatinga, Dar es Salaam. Twiga na pundamilia wamenilisha mwaka wa kumi na nne sasa: hadibodi, rangi ya kopo, mnyama katikati, nukta, mstari mweusi, anika, uza. Mwaka huu nimejipa kazi ya jioni isiyo na mteja. Ninanakili picha moja ya Jackson Pollock, mchoraji wa Kimarekani, ya ujanani, ya kabla hajaanza kumwaga rangi. Nitaandika kila hatua ikiisha ili anayetaka kujaribu asitumbukie mashimo niliyotumbukia. Mambo ya kawaida nitayapita juu juu.

11 Januari. Kwa nini hii

Ukimtaja Pollock, watu wanakumbuka turubai kubwa zilizolazwa sakafuni na rangi inayodondoshwa kwa kijiti. Hizo ni za kuanzia 1947. Hii ninayoinakili ni ya 1934–35, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ni nyumbu wanakokota gari la mizigo usiku wa mbalamwezi, dereva kavaa kofia pana, na milima na mawingu vinajipinda kuzunguka mwezi. Jina lake ni Going West, yaani Kwenda Magharibi. Iko Washington, katika jumba la Smithsonian la sanaa ya Kimarekani, na ni ndogo: takriban sentimita 38 kwa 53. Unaweza kuibeba kwapani ukapanda nayo daladala.

Kilichoninasa ni maelezo ya vifaa. Ni rangi ya mafuta juu ya ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Huo kwetu si ndiyo hadibodi? Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 alipaka ubao wa dari kwa rangi ya baiskeli, kwa kuwa ndivyo vilivyopatikana. Nikajiambia: ubao naujua, wanyama nawajua, kazi ya wiki mbili hii. Msomaji, cheka taratibu.

Neno moja kuhusu nyumbu. Si wale wa Serengeti. Ni nyumbu wa pili katika kamusi, baghala, anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Mtoto wa dada yangu alipoona karatasi mezani aliuliza, "Mjomba, pembe zao ziko wapi?" Nikamweleza. Akaondoka hajaridhika.

14 Januari. Ubao, kosa la kwanza

Nimenunua hadibodi nzima ya futi nne kwa nane, 24,000. Nikampelekea seremala akate. Akaniuliza, "Saizi ile ile, kaka?" Nikasema ile ile, mdomo ukiwa mbele ya akili. Saizi ile ile ni futi mbili kwa mbili, mraba, ndiyo tunayokata siku zote.

Nilikuja kugundua usiku, nikichora vyumba, yaani miraba ya kuhamishia picha. Picha ya Pollock ni ya kulala, upana unazidi kimo kwa zaidi ya theluthi moja. Badala ya kurudi kwa seremala nikajifanya mjanja: nikaibana iingie kwenye mraba. Nyumbu wakafupika kiwiliwili wakawa mbuzi wenye masikio marefu. Gari likawa kama kibanda cha chipsi.

Siku ya pili nimekata upya. Nimeamua nakala iwe kubwa kuliko picha yenyewe mara 1.3, yaani sentimita 68.5 kwa 49.8, ili isije hata siku moja ikadhaniwa ni ile. Nyuma nimeandika kwa kalamu nzito kwamba ni nakala, jina langu na mwaka. Haiuzwi. Vyumba ni 8 kwa 6, kwenye karatasi na kwenye ubao. Kukata mara mbili kumenila 5,000.

Karatasi ya picha ya Pollock nayo ilinitesa. Steshenari waliichapisha A3, na nusu ya chini ikatoka lami tupu. Picha hii ni ya giza, na mashine ya kuchapishia haina huruma na giza. Nikaongeza mwanga kwenye faili, nikachapisha tena. Sasa ninatumia karatasi kwa kupima tu, rangi naiangalia kwenye simu, mwangaza ukiwa juu kabisa. 6,000 kwa karatasi mbili.

19 Januari. "Rangi ya mafuta"

Hapa Kiswahili chetu cha dukani kilinitia hasara. Nilimtuma kijana wa kibandani kwetu Kariakoo aniletee rangi ya mafuta, nyeusi na kahawia. Akaleta makopo mawili ya nusu lita, ile ya milango na mageti. Hakukosea. Dukani, rangi ya mafuta ndiyo hiyo, na rangi ya maji ni ya ukutani. Mimi nilitaka rangi ya mafuta ya wasanii, ya tyubu, iliyosagwa na mafuta ya kitani. 14,000 zimekaa kwenye rafu.

Tofauti si ya jina tu. Ya kopo inakamata vumbi asubuhi na jioni umeshapaka juu yake. Ya tyubu inakaa mbichi siku kadhaa, kwenye joto la kaskazi na unyevu wa bahari hata wiki ikiwa nene. Ya kopo inajitandaza yenyewe ikang'aa kama sahani. Ya tyubu inabaki pale ulipoiacha, na alama ya brashi inaonekana.

Tyubu kumi na mbili ndogo 38,000. Nyeupe kubwa peke yake 22,000. Mafuta ya kitani kichupa 15,000, tapentaini lita moja 8,000, brashi nne 16,000. Ubao nimeupiga msasa na kuupaka rangi nyeupe ya maji mara tatu, mbele na nyuma. Ukipaka mbele tu, unajikunja. Kopo la rangi ya maji na msasa, 11,000.

26 Januari. Nyumbu wamesimama

Nimemaliza jaribio la kwanza, kwenye ule ubao wa mraba ulioharibika, nimechora sehemu ya katikati tu. Kila kitu kiko mahali pake. Masikio, hatamu, magurudumu, kofia. Miguu nimeihesabu mara mbili.

Mzee aliyenifundisha kazi alipita jioni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye ndoo, akaangalia ubao muda mrefu bila kusema kitu. Kisha:

"Mwanangu, hawa wanasubiri daladala."

Kweli kabisa. Wa Pollock wanakokota, wangu wamepanga foleni. Nikarefusha hatua ya yule wa mbele, akaonekana anacheza ngoma. Nikainamisha shingo, akawa analisha. Jioni nzima nikawa nahamisha miguu kama mtu anayepanga viti.

Mzee alikuwa ameshaondoka nilipokumbuka tulivyofundishwa. Mnyama wa Tingatinga anasimama mbele ya rangi. Ardhi ni rangi iliyotandazwa nyuma yake, wakati mwingine hakuna ardhi kabisa, na hiyo ndiyo raha yake: twiga hana haja ya kukanyaga popote. Nilikuwa nimechora wanyama wangu hivyo hivyo, halafu nikajaza nchi pembeni yao.

2 Februari. Mkokoteni

Nimeshinda kwenye mwinuko wa mtaani kwetu nikiwaangalia vijana wa mkokoteni wanavyopandisha mifuko ya saruji. Kijana wa mbele ana kamba begani. Kifua chake kimetangulia miguu, kiasi kwamba ukiikata ile kamba ataanguka kifudifudi. Kisigino cha nyuma kimekwenda juu, goti halinyooki, na kichwa hakitazami mbele bali kinatazama lami, mita moja hivi kutoka kwenye vidole. Anayesukuma nyuma amelala zaidi, mikono imenyooka, makalio chini. Ukitazama kwa mbali huoni watu wawili na chombo, unaona mstari mmoja ulioegemea kilima.

Nilirudi nyumbani nikatazama nyumbu wa Pollock upya. Miguu yao imechorwa ovyo! Mingine ni brashi mbili tu za giza. Kinachowavuta ni ardhi. Njia inapinda na kunyanyuka, mgongo wa mnyama unafuata mpindo huo huo, kilima cha nyuma kinaurudia, na wingu linaupokea hadi kwenye mwezi. Mnyama angeweza kukosa miguu na bado angekwenda.

Hayo alifundishwa. Mwaka 1930 Pollock alimfuata kaka yake Charles hadi New York, akasoma katika shule ya sanaa ya Art Students League chini ya Thomas Hart Benton, mchoraji wa wakulima na mashamba ya Marekani, ambaye picha zake zinajipinda hivyo kila kona. Na Benton ndiye aliyekuwa na picha hii, akaja kuitoa zawadi kwa jumba hilo. Ni mwalimu aliyetunza kazi ya mwanafunzi, na mwanafunzi huyo huyo mwaka 1944 alisema hadharani kwamba faida ya kusoma kwa Benton ilikuwa kupata kitu cha kukipinga kwa nguvu. Mzee wangu nilipomsomea hilo alicheka hadi akakohoa.

5 Februari. Udongo

Benton alikuwa na tabia nyingine: kabla ya kupaka alifinyanga picha yake kwa udongo, akaiwekea taa aone vivuli vinaangukia wapi. Nimeiga. Udongo nimepata kwa mama anayefinyanga vyungu, 2,000, na yeye alidhani ni wa kutengeneza jiko.

Nimefinyanga kwenye sinia: kilima, njia, nyumbu wa kidole kimoja urefu, gari la kibiriti. Mwezi ni tochi ya simu. Nilipoishika juu moja kwa moja, kila kitu kilikuwa bapa. Nilipoishusha hadi nyuma ya kilima, kama shibiri moja juu ya sinia, vivuli vikarefuka na migongo ya wanyama ikawaka ukingoni, matumbo yakapotelea gizani. Pale nikaelewa kwa nini Pollock hakuhitaji mstari wa kuzungushia. Mwanga ndio unaokata umbo.

Angalizo kwa atakayejaribu: udongo wangu ulipasuka siku ya tatu kwa jua. Ufunike kwa kitambaa kibichi, au upige picha mapema. Mimi nilibaki na nyumbu asiye na kichwa.

9 Februari. Ubao wa kweli, tabaka la kwanza

Sikuanza na wanyama. Nimeanza na mpindo: mstari mmoja mnene wa kahawia iliyochujwa kwa tapentaini, kutoka kwenye njia hadi kwenye wingu, kwa mkono mzima kuanzia begani. Kisha kilima. Nyumbu nimewaweka mwisho, kama vivimbe juu ya ule mstari. Dakika ishirini, na wanakwenda. Nimekaa chini.

Giza limenishinda siku hiyo hiyo. Mimi nikitaka usiku nachukua nyeusi. Nikachanganya nyeusi na kila rangi, na saa moja baadaye nilikuwa na ukuta wa jikoni la kuni. Ukitazama picha yenyewe, usiku wake una kahawia, una buluu, una kijani kidogo, na una joto. Nimefuta kwa kitambaa, nikaanza upya kwa kahawia nzito na buluu nzito bila tone la nyeusi. Zikikutana hizo mbili zinatoa giza kubwa kuliko ile ya tyubu, tena giza lenye pumzi. Nyeusi nimeirudisha mahali patatu tu.

16 Februari. Kosa kubwa

Hili nalieleza kwa urefu maana lilinila wiki mbili.

Wiki moja baadaye picha ilikuwa haijakauka. Mkono wangu hauzoei kusubiri. Kwetu ubao usiokauka kesho ni hasara. Nikaona nyumbu wa mbele anapotelea gizani. Nikageuka, nikaliona kopo la nyeusi kwenye rafu, nikasema kamstari kembamba tu, nimtoe. Nikamzungushia yeye, nikamzungushia wa pili, na kabla sijajiuliza nilikuwa nimezungushia gari, kofia, na ukingo wa wingu. Kisha nikapitisha vanishi juu ya anga ili ing'ae.

Asubuhi ile mistari ilikuwa imejikunja kama ngozi juu ya maziwa yaliyopoa. Anga, ile sehemu yenye vanishi, ilikuwa na mikunjo midogo midogo, na nilipogusa kwa ukucha ngozi ilisogea na chini yake mlikuwa uji mbichi.

Sababu ni moja. Kilicho juu kilikauka kabla ya kilicho chini. Rangi ya kopo na vanishi vinashika kwa saa, mafuta ya kitani yanashika kwa siku na yanaendelea kujivuta taratibu baada ya hapo. Ngozi ngumu juu ya mwili laini lazima ikunjamane au ipasuke. Kanuni ya wachoraji wa mafuta ni tabaka la chini likonde, la juu linone: chini tapentaini nyingi, juu mafuta zaidi, na kila tabaka lisubiriwe.

Na nimejifariji kwa jambo moja. Mchoraji Mmarekani ambaye Pollock alisema ndiye bingwa pekee wa kwao aliyempendeza ni Albert Pinkham Ryder, mzee wa mbalamwezi na bahari za usiku, aliyefariki 1917. Ukiangalia usiku wa Going West, Ryder yumo. Huyo Ryder alipaka tabaka mbichi juu ya mbichi, na vanishi katikati, miaka na miaka, na leo picha zake nyingi zimepasuka na kuwa nyeusi. Kwa hiyo kosa langu lina ukoo.

2 Machi. Kukwangua

Nimekwangua kwa kisu butu cha meza, si wembe, maana wembe unachimba ubao. Vanishi ilitoka kama ganda la kitunguu. Mistari ya kopo niliilainisha kwa kitambaa chenye tapentaini, kidogo kidogo, nikibadili kitambaa. Nimepoteza anga yote na nusu ya nyumbu wa mbele. Nikaacha siku kumi na mbili, nikapiga msasa laini, nikafuta vumbi.

Safari hii yule wa mbele sikumzungushia. Nimepandisha mwanga wa njia nyuma yake, brashi moja tu ya rangi ya mchanga, naye akatokeza. Kumbe aliyekuwa amefifia ni njia.

8 Machi. Kando ya njia

Kwa kuwa makopo yapo, na ubao wa mraba upo, nimejaribu pia ya Pollock wa baadaye. Hapo alitumia rangi ya kopo kama yetu, ya nyumba, na nilidhani nitakuwa nyumbani. Nikaulaza ubao sakafuni, nikachovya kijiti. Mara ya kwanza rangi ilikuwa nzito ikadondoka matone kama kinyesi cha kunguru. Nikaongeza thina, ikawa maji, ikatuama. Kipimo kilichokubali ni cha uji mwepesi, ule unaotiririka kutoka kijikoni bila kukatika, na mkono usisimame. Nikisimama tu, dimbwi.

Watu wanapenda kusema kwamba ile mistari ya kumwaga tayari imo kwenye mawingu ya Going West. Nilianza kazi hii nikiamini hivyo, na sasa siamini sana. Kila mpindo wa wingu lile umefungwa kwenye kitu: kilima, mgongo, gurudumu. Nikiuhamisha kidogo tu, mnyama anasimama. Kwenye ule ubao wa kijiti hakuna mnyama wa kusimama. Mkono unaweza kuwa ule ule wa begani, hilo nakubali. Ila kufungwa na kutofungwa si jambo dogo, na aliyejaribu vyote viwili wiki moja atajua begani kwake.

23 Machi. Ilipofikia

Anga imerudi, safari hii tabaka tatu, siku tano hadi saba kati ya moja na nyingine. Masika yameanza, kwa hiyo nimeutundika ubao ndani, mbali na dirisha, ukiegemea mbele kidogo vumbi lisikae. Mwezi umenitoka mweupe mno, kama taa ya bodaboda. Nimeupoza kwa njano kidogo na kahawia ya kugusa tu. Dereva bado hajakaa sawa. Kofia yake ni mojawapo ya mahali patatu penye nyeusi, na nadhani nimeikosea kwa nusu sentimita.

Gharama mpaka leo ni 161,000, bila kuhesabu muda. Katika hizo, 14,000 za makopo na 3,000 za mkato wa kwanza zilikuwa za bure. Rangi niliyoikwangua sikuipima, lakini tyubu ya buluu nzito imekwisha na itabidi ninunue moja. Ukiwa na ubao na brashi tayari, na usipofanya kiherehere changu, unaweza kuanza kwa laki moja.

Vanishi haiguswi kabla ya Septemba. Miezi sita ni kiwango cha chini kwa mafuta, na ubao wangu nimeshautesa vya kutosha. Nimeandika tarehe nyuma yake, chini ya jina.

Mzee amepita tena leo. Amekaa kwenye ndoo ile ile.

"Hawa wamepanda gari lao," akasema. Kisha akaniuliza kama nina twiga wa kumaliza, maana mteja wa Ijumaa amepiga simu mara mbili.